Somo: Tumshone mwanasesere wa vitambaa kama wale wa utotoni

Tangu tuanze kukumbushana kikundini mwetu michezo ya usichana wetu, kuruka kamba, kudaka vijiwe, kusukana nywele mpaka shingo ziume, kuna swali linalorudi kila mara: yule mwanasesere wa vitambaa alikuwa anashonwaje? Basi leo tumshone. Cherehani si lazima. Ukiwa na subira, jioni mbili tatu zinatosha kwa mkono.

Na msidhani ni mchezo wa juzi. Kwenye British Museum jijini London yuko mwanasesere wa kitani kutoka Misri ya enzi za Warumi, kati ya karne ya 1 na ya 5, aliyejazwa vitambaa na mafunjo. Aliyemshona alijaza alichokuwa nacho, na sisi tutafanya vivyo hivyo.

Mambo mawili nitayakazia kuliko mengine: shingo, kwa sababu ndipo wanasesere wengi huharibikia, na gauni linalovulika. Gauni lililoshonewa mwilini humnyima mtoto nusu ya mchezo. Sisi tulishinda tukiwavisha na kuwavua, tukiomba mabaki kwa yeyote aliyekuwa anashona.

Vifaa

Kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa kubana, nusu mita itatosha na kubaki. Fulana kuukuu usiitumie kwa mwili, maana inavutika na tumbo litafura. Uzi imara, sindano, pini, mkasi, penseli, pamba au sufi ya kujazia, nyuzi za kufumia sweta kwa ajili ya nywele, na mabaki ya kitambaa cha maua. Fua vitambaa vyote kwanza na uvipige pasi, kwa kuwa pamba ikifuliwa hurudi, na ni heri irudi kabla hujakata.

Hatua ya 1: Kukata

Chora kwenye karatasi kichwa na kiwiliwili vikiwa kipande kimoja, urefu sentimita 18. Kichwa kiwe cha mviringo, na shingo iwe na upana usiopungua sentimita 5. Utaiona nene kwenye karatasi. Iache hivyo hivyo, itapungua ikishashonwa. Mkono uwe na urefu wa sentimita 11, mguu 13. Kila kiungo kina mbele na nyuma, kwa hiyo kata vipande viwili vya mwili, vinne vya mikono na vinne vya miguu.

Hatua ya 2: Kushona

Weka vipande viwili pande zake nzuri zikitazamana, vibane kwa pini, kisha shona ukiacha nusu sentimita pembeni. Kwa mkono, kila ukichoma sindano mbele irudishe nyuma kidogo kabla ya kuendelea. Mshono wa kwenda mbele tu utaachia ukianza kujaza. Kwenye mwili acha sehemu yote ya chini wazi. Kwenye mikono na miguu acha juu.

Sasa shingo. Pale inapopinda, kata vichanjo vidogo kwenye pindo, vifike karibu na mshono bila kuugusa. Ukiruka hatua hii, ukigeuza mwili shingo itajikunja makunyanzi, na hakuna pasi itakayoyaondoa. Geuza kila kipande nje kwa kutumia kitako cha penseli, siyo ncha.

Hatua ya 3: Kujaza

Hapa usiharakishe. Chambua pamba vipande vidogo vidogo, uvitawanye kwa vidole kabla ya kuviingiza. Bonge kubwa likiingia zima litabaki bonge, na uso utakuwa na nundu. Anza na kichwa, ukisukumia pembeni kwanza na kumalizia katikati, mpaka kiwe kigumu ukikibonyeza. Kisha viringisha kitambaa chakavu kiwe kama kidole, ukisimamishe ndani ya shingo, nusu iingie kichwani na nusu ibaki kifuani, ujaze kukizunguka. Hicho ndicho kitakachozuia kichwa kulala begani baada ya wiki mbili za kubebwa.

Kwenye miguu na mikono jaza imara kuanzia mwisho, lakini ukikaribia juu acha sentimita 2 bila kitu, ili aweze kukaa. Ingiza miguu kwenye uwazi wa chini ya mwili, kunja pindo ndani, shona mara mbili. Mikono ishone mabegani.

Hatua ya 4: Uso na nywele

Weka pini mbili mahali pa macho, umtazame kwa mbali, uzisogeze mpaka uridhike. Macho yakiwa chini kidogo ya katikati ya uso, anapata sura ya kitoto. Darizi kwa uzi mweusi; fundo lifiche kisogoni, litafunikwa na nywele. Mdomo uwe mdogo tu. Mimi napenda uso usio na hisia nyingi, mtoto apate kuamua mwenyewe leo mwanasesere amefurahi au ananuna.

Nywele: zungushia nyuzi kwenye kitabu mara nyingi, kata upande mmoja, tandaza juu ya kichwa, kisha shona katikati ukifuata njia ya nywele kutoka kwenye paji hadi kisogoni. Shona kwa kurudia, maana zitasukwa na kusukuliwa kila siku.

Hatua ya 5: Gauni

Kata kitambaa cha mstatili chenye upana mara mbili ya kifua chake. Piga bandi juu, yaani mshono wa kwenda mbele tu, vuta uzi marinda yajikusanye, ushonee kwenye mkanda mwembamba wa kifuani, kisha weka vikamba viwili vya mabegani. Nyuma liache wazi na uweke kamba za kufungia, kwa sababu kichwa ni kipana na gauni lililofungwa halitapita.

Maswali ya wanachama

Dada, nina mjukuu wa mwaka mmoja na nusu. Naweza kuweka vifungo badala ya macho ya kudarizi?
Hapana mama, darizi tu. Kifungo kikichomoka kitaishia mdomoni na kinaweza kumkaba. Marekani, vitu vya watoto walio chini ya miaka 3 hupimwa kwa kikopo chenye kipenyo cha milimita 31.7, na sehemu ndogo inayoingia yote ndani hairuhusiwi. Kwa umri huo pia usiweke nywele za nyuzi wala kamba ndefu. Mfunge mwanasesere kilemba ukishonee kabisa.

Barbie wa binti yangu ana nguo tele. Zitamtosha huyu?
Urefu wanakaribiana, kwani Barbie tangu alipotoka mwaka 1959 ana kama sentimita 29. Lakini kiuno chake ni chembamba mno, nguo zake zitakwama kwenye kifua cha huyu. Tumieni kama mfano wa kukatia.

Akichafuka nifanyeje?
Mfue kwa mkono, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, usimkamue kwa kumsokota. Mkandamize ndani ya taulo, umwanike mahali penye hewa, na umgeuze mara kwa mara. Akibaki na unyevu ndani atavunda, kwa hiyo hakikisha shingo imekauka. Ndiyo hukauka mwisho.

Binti yangu ana miaka 7. Amalize mwenyewe au nimsaidie?
Wewe shona mwili, yeye mwachie gauni. Mpe sindano nene yenye tundu kubwa na kitambaa kisichochanika nyuzi, ukae karibu naye. Marinda yakienda upande usiyafumue. Kama sindano bado ni ngumu kwake, aanze na wanasesere wa karatasi wenye nguo za kukata. London walikuwa wakiuzwa tayari mwaka 1810, na wengi wetu tulichora wa kwetu kwenye daftari. Usisahau vile vibawa vya kukunjia mabegani, bila hivyo nguo haishiki.

Shoga, na aliyekwisha chanika shingo anatengenezeka?
Anatengenezeka. Fumua mshono wa chini, toa pamba ya kifuani, ingiza kile kitambaa cha kuviringisha, ujaze upya. Palipochanika zungushia ukosi wa kitambaa cha gauni, ushone juu na chini.