SOMO: Nguo na begi la safari ya Paris na Roma mwezi wa 11, kwa anayetoka huku kwetu

Wakuu habari zenu. Watu wengi wameniuliza inbox kuhusu nguo za kubeba Ulaya, maana viza ikishatoka ndo hofu ya baridi inaanza, mtu anakimbilia Kariakoo ananunua koti zito kama godoro, anajaza begi kilo 30, halafu anafika kule anateseka na begi kwenye ngazi na baridi bado inampata. Nimeona niandike yote hapa kwa mpangilio, natumia safari moja ya mfano, wiki moja, Paris kwanza halafu Roma, mwezi wa 11, maana huo ndo mwezi unaochanganya watu, si baridi kali ya Januari na wala si joto.

Jambo kubwa ninalotaka mlishike ni kwamba baridi haizuiwi na uzito wa koti, inazuiwa na nguo kadhaa nyepesi zilizopangwa vizuri, na ya juu kabisa iwe haipitishi upepo wala maji. Mengine yote yanatoka hapo.

HATUA YA 1: Ijue hali ya hewa ya mji wenyewe

Paris mwezi wa 11 mchana inakuwa kwenye nyuzi 11 au 12 hivi na usiku kwenye 6. Roma mchana inaweza kufika 17 na usiku 8. Ukisoma hizo namba mtu wa Njombe, Makete au Limuru anasema mbona kawaida tu, na kweli asubuhi za mwezi wa 7 kule kwetu zinafika hapo na chini yake. Tofauti ni kwamba Njombe jua likitoka saa nne unavua sweta, Paris jua lenyewe hulioni, kuna manyunyu, kuna upepo wa pale mtoni Seine, na ile baridi ya asubuhi unatembea nayo kutwa. Jua linachomoza kwenye saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni giza limeshaingia, kwa hiyo ukitoka jioni hiyo kwenda kupiga picha mnara wa Eiffel ujue tayari ni baridi ya usiku.

Roma ina baridi kidogo tu ila mvua mwezi huo ni nyingi kweli, tena inashuka ya nguvu, inaacha, inarudi. Kwa hiyo Paris unapigana na baridi, Roma unapigana na mvua, na koti liwe lilelile moja.

HATUA YA 2: Nguo za kupandana

Ya kwanza ndani kabisa ni ile inayogusa ngozi, fulana ya mikono mirefu ya kubana, na chini taitsi au ile suruali ya ndani ya baridi, hata wanaume vaeni, hakuna anayeiona. Ukipata ya sufu nyembamba au polista ni bora kuliko pamba, maana pamba ukitoka jasho inashika maji na yale maji ndo yanakuletea baridi baadae. Ya pili ni sweta au lile jaketi la manyoya laini la zipu. Ya tatu ni koti la juu.

Kwa nini zipu na kwa nini zipandane? Kwa sababu nje kuna nyuzi 8 lakini ukiingia metro (treni ya chini ya ardhi), dukani, makumbusho, mgahawani, kote wamewasha joto, kule ndani ni kama Dar mwezi wa 6. Mwenye koti moja zito na fulana tu ndani hana namna, akilivaa anatoka jasho, akilivua anabaki na fulana, na akitoka nje na lile jasho baridi inamkuta hapohapo. We unafungua zipu, unavua sweta unaliweka begini, unatoka unavaa tena.

Sehemu tatu zinazosahaulika sana: shingo, masikio, vidole. Skafu, kofia ya sufu na glavu nyepesi, hivi vitatu havifiki hata nusu kilo na vinafanya kazi kuliko sweta la pili.

HATUA YA 3: Koti linunuliwe mtumbani

Hapa nitakaa kidogo maana ndo penye hela. Usinunue koti jipya. Makoti mazuri ya baridi yanatoka hukohuko Ulaya yanakuja kwenye mabelo, na kwa kuwa huku kwetu walaji wake wachache bei yake huwa ya chini kuliko suruali nzuri ya jinzi. Dar nenda Karume pale Ilala, Moshi nenda Memorial, wa Nairobi Gikomba, wa Mombasa Kongowea, wa Kampala Owino. Na walioko Moshi na Arusha mna bahati nyingine, yale maduka yanayokodisha vifaa vya wapanda Kilimanjaro wana majaketi ya mvua ya kisawasawa, wengine ukiongea nao vizuri wanakuuzia kabisa.

Ukishika koti lipime hivi. Weka kitambaa mdomoni upulize kwa nguvu, ukisikia pumzi imetokea upande wa pili basi na upepo utapita. Dondosha maji kidogo juu yake, yakijikusanya matone na kuteleza ni zuri, yakinywewa na kitambaa achana nalo. Vuta zipu juu chini mara kadhaa, fundi wa zipu kule hutampata kirahisi na bei yake utalia. Liwe na kofia yake, lifunike makalio, na likupwaye kidogo, jaribu ukiwa umevaa sweta ndani, sio na fulana. Rangi chukua nyeusi, bluu iliyoiva au kijivu, haionyeshi uchafu na utalivaa wiki nzima.

HATUA YA 4: Viatu

Kwa wiki nzima ya kutembea mji, kilometa 10 mpaka 15 kwa siku ni kitu cha kawaida kabisa na hutaamini mpaka ufike. Roma katikati ya mji barabara nyingi zimepangwa vijiwe vyeusi, wenyewe wanaviita sampietrini, havilingani, vina nafasi katikati na vikilowa vinateleza. Kisigino kirefu pale ni kutafuta kuteguka. Beba jozi mbili tu, raba moja yenye soli nene ya kushika chini, na kiatu kimoja cha ngozi cha kufunika kisichopitisha maji. Ile nzito uivae kwenye ndege usiipakie. Kama ni kipya, kivae hapa nyumbani wiki mbili kabla, kazini, sokoni, kila mahali, malengelenge yakutokee huku ambako una muda wa kupona. Ndala ongeza, za hotelini.

HATUA YA 5: Idadi

Kwa wiki moja: fulana nne, sweta moja na jaketi moja la ndani, suruali mbili (moja uliyovaa), vazi moja nadhifu la jioni au la kanisani, nguo za ndani na soksi za siku tano, nguo ya kulalia, na khanga. Ndio, khanga, hata wanaume. Ni shuka, ni taulo, ni mtandio, ni ya kujifunika kwenye ndege, na haina uzito. Katikati ya wiki unafua, mitaani kuna maduka ya mashine za kufulia unaweka sarafu, au unafua soksi usiku chooni unaanika karibu na ile hita ya ukutani asubuhi zimekauka.

Kwa nini nasisitiza uchache? Metro ya Paris stesheni nyingi hazina lifti, ni ngazi tupu, na hoteli za bei yetu ziko kwenye majengo ya zamani, unaweza kupewa chumba ghorofa ya nne upande kwa miguu. Halafu Paris kwenda Roma wengi mtachukua ndege za bei poa, na hizo tiketi ya chini kabisa mara nyingi inakupa kibegi cha chini ya kiti tu. Ryanair kwa mfano ni sentimita 40 kwa 30 kwa 20. Kizidi, unalipishwa pale getini hela inayokaribia tiketi yenyewe. Pima kwa futi kamba nyumbani na ulipie begi mapema mtandaoni.

HATUA YA 6: Vidogo vidogo

Umeme ni uleule wa 230 ila plagi zetu za pini tatu bapa haziingii. Tafuta adapta ya pini mbili nyembamba za duara, inaingia Ufaransa na Italia kote (wenzetu wa Burundi na Kongo hizo mara nyingi mnazo tayari). Pawabanki inakaa begi la mkononi, hairuhusiwi kwenye begi la chini (lile unalokabidhi uwanjani likapakiwe), ya mAh 20,000 inapita bila shida.

Mafuta, losheni, manukato na dawa ya meno ukibeba mkononi kila kichupa kisizidi ml 100, vyote kwenye kimfuko kimoja angavu cha lita moja, na wanaangalia ukubwa wa chupa sio kilichobaki ndani. Viwanja vingine vimeanza kulegeza lakini unapobadilishia ndege wanaweza wasilegeze, usibahatishe. Mafuta ya mgando usiyaache, ile hewa kavu inapasua midomo na mikono inapauka siku ya pili tu.

Dawa zako zibaki kwenye boksi lake pamoja na cheti cha daktari, begi la mkononi. Na hili tafadhali: ukipata homa kule, au hata wiki chache baada ya kufika, mwambie daktari mapema kabisa kwamba umetoka sehemu yenye malaria. Kwao si kitu cha kukifikiria kwanza, na malaria haisubiri.

Bima ya safari (ile ya viza, inayolipia angalau euro 30,000), tiketi ya kurudi na karatasi za hoteli viwe mkononi, afisa wa uhamiaji ana haki ya kuviuliza. Simu na pochi visikae mfuko wa nyuma, hasa basi la 64 la Roma na metro ya Paris. Kibegi cha kupitisha begani, zipu mbele, mkono juu yake.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mi ni dada nina nywele za asili, nisuke kabla au? Na ngozi yangu inapauka hata Arusha.

Jibu: Suka kabla dada, rasta au twende kilioni, kofia ijaribu ukiwa umeshasuka maana nyingi hazitaingia. Ikibidi salon Paris, mitaa ya Château d'Eau na Château Rouge imejaa salon za Waafrika, na pale Château Rouge utapata mpaka mihogo na bamia. Kwa ngozi paka mafuta hapohapo ukitoka kuoga kabla hujakauka vizuri, mengi yaweke begi la chini.

Swali: Asalaam aleikum. Natoka Unguja, navaa baibui na nikabu, nitapata tabu? Na vyoo vya kule je?

Jibu: Waaleikum salaam dada yangu. Baibui na mtandio mtaani havina neno kabisa, vaa sweta na taitsi ndani yake, koti juu, na pindo lisiburuze maana mvua italilowesha. Nikabu ndo kuna sheria. Ufaransa tangu Aprili 2011 kufunika uso hadharani kumekatazwa na faini inafika euro 150. Ubelgiji, Austria na Denmark nao wana sheria ya namna hiyo, Uswisi imeanza Januari 2025. Ni vizuri uliamue hili na familia kabla ya kukata tiketi, lisikukute uwanja wa ndege. Vyoo: Paris hamna maji ya bomba pembeni, ni karatasi tu, beba kichupa cha plastiki laini unakijaza. Italia utafurahi, kuna beseni la kutawazia karibu kila hoteli, sheria yao ya nyumba za kuishi tangu 1975 inataka liwepo.

Swali: Mkuu sisi tunaenda mwezi wa 7, hayo makoti tuyaache?

Jibu: Yaacheni, bebeni jaketi moja la mvua. Julai joto la kule si mchezo, tarehe 25 Julai 2019 Paris ilifika nyuzi 42.6, na vyumba vingi havina AC. Fulana nyepesi za pamba, kofia, chupa ya maji, maana Roma ina vibomba zaidi ya 2,000 mitaani vinavyotoa maji safi ya kunywa bure. Ila Kanisa la Mtakatifu Petro pale Vatikani ukienda na bukta au mabega wazi wanakurudisha mlangoni, hata uwe umepanga foleni masaa mawili. Khanga inaokoa hapo, unafunga kiunoni au unajitanda unaingia.

Swali: Mimi ni mama mtu mzima, binti yangu yuko Roma kaniagiza samli, nyama kavu, maembe na dagaa. Nifunge vipi visivuje?

Jibu: Shikamoo mama. Samli na nyama usifunge kabisa mama, nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu abiria kuingia na nyama wala vitu vya maziwa kutoka huku, wanavichukua na kuvitupa na faini inaweza kuwepo. Maembe nayo yanataka cheti cha afya ya mimea. Dagaa wakavu sawa, samaki wanaruhusu mpaka kilo 20 kwa matumizi yako, wafunge mfuko mara mbili usizibe harufu kwa magazeti tu. Matunda yasiyodaiwa cheti ni nanasi, ndizi, nazi, tende na doriani. Kwa hiyo mpelekee binti nazi na ndizi bukoba, unga wa muhogo, na vitenge. Na miguu yako mama, vaa zile soksi za kubana kwenye ndege na uinuke kutembea kila baada ya muda, hilo ni la lazima kuliko mizigo yote.