SOMO: Kugawa chaneli za ESP-NOW, Wi-Fi, Zigbee na LoRa kwenye nyumba moja (soma kabla ya kunifuata inboksi)

Wakuu, wiki hii pekee watu watano wameniuliza kitu kilekile: "Sensa ya tanki ilikuwa inatuma vizuri, imekata ghafla." Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namtumia linki.

Mfano ni kazi niliyoifunga mwenyewe: simtanki nne juu ya mnara, kisima shambani mita 400 hivi, taa za Zigbee (mtandao wa redio wa vifaa vya nyumbani) ndani, ruta sebuleni. Sensa zinaongea na kipokezi moja kwa moja. Ruta kazi yake ni kupeleka taarifa kwenye simu ya mwenye nyumba tu.

1. Andika kwenye karatasi kila kifaa: kiko wapi, kinakula betri au umeme, kinatuma kila baada ya muda gani.

2. Gawa kwa umbali. Matanki ni ESP-NOW (bodi ndogo za ESP32 zikitumiana ujumbe moja kwa moja, bila kupitia ruta), kisima ni LoRa (redio ya kwenda mbali, ujumbe mfupi). Bluetooth ni ya kuweka mipangilio kwa simu, ukimaliza izime. Kwenye ESP32 inagawana redio na Wi-Fi kwa zamu.

3. Funga chaneli ya ruta. Hapa ndipo nilipoumbuka, soma taratibu.

Kipokezi changu ni ESP32 moja yenye kazi mbili: inapokea ESP-NOW kutoka mnarani, na hapohapo imejiunga na ruta. Redio ni moja, haikai chaneli mbili kwa mpigo. Ikishajiunga na ruta inahamia chaneli ya ruta, na namba uliyoandika kwenye programu yako haina kauli. Ruta ile nilikuwa nimeiacha "auto", yaani inajichagulia chaneli yenyewe. Siku ya kwanza ilikuwa chaneli 1, sensa nazo 1, nikalipwa, nikaondoka kifua mbele. Usiku wa tatu umeme ukakatika, uliporudi ruta ikaamkia 11. Sensa zikabaki zinapiga kelele kwenye 1 na hakuna anayezisikia. Simu ya mama mwenye nyumba inasema tanki lina asilimia 80, namba ya jana hiyo, huku watoto wanaogea ndoo. Nilipanda mnara mara mbili, nikabadilisha betri, nikabadilisha hadi bodi. Siku mbili nzima, na kosa liko sebuleni.

Kwa hiyo: ruta iwe 1, 6 au 11, "auto" ZIMA. Sensa ikikosa jibu mara tatu, izunguke chaneli 1 hadi 13 kumtafuta kipokezi, ikimpata iihifadhi namba hiyo. Kwenye kipokezi zima usingizi wa Wi-Fi (WIFI_PS_NONE), la sivyo kinasinzia na paketi zinapotea. Na usitumie hotspot ya simu badala ya ruta. Simu inajichagulia chaneli.

4. Zigbee: ruta ikiwa 1, chukua Zigbee 20 au 25. Namba hizi si zile za Wi-Fi. Zigbee 11 iko MHz 2405, yaani tumboni mwa Wi-Fi 1. Chagua kabla ya kuunganisha taa, ukichelewa unaweza kulazimika kuziunganisha upya moja moja.

5. LoRa MHz 868, anza na SF7 (SF ni kipimo cha kunyoosha ujumbe: ikiwa kubwa unafika mbali zaidi, ila polepole). Kila ukipanda SF, ujumbe unakaa hewani karibu mara mbili zaidi. Antena kwanza, umeme baadaye. Ukigeuza, unaunguza moduli.

6. Tawanya muda: kila sensa isubiri sekunde chache tofauti kabla ya kutuma, zisiamke zote pamoja.

MASWALI

Mtu_wa_Bomba: Mkuu, yangu imekata baada ya umeme kurudi, tatizo nini?
— Hatua ya 3.

Mtu_wa_Bomba: Nimesoma ila sijaelewa, nipigie.
— Ruta yako iko "auto"? Nenda kaangalie, kisha urudi.

Binti_Sakiti: Mwalimu, shikamoo. Kwetu 1, 6 na 11 zote zimejaa majirani. Kwa nini nisikae 3, katikati?
— Marahaba. Swali zuri hili. Chaneli zimeachana MHz 5 tu, ila kila moja ina upana wa MHz 20. Ukikaa 3 unagongana na wa 1 na wa 6 kwa pamoja. Mkiwa chaneli moja na jirani, vifaa vinasikilizana kabla ya kutuma na vinapokezana. Ukimkalia nusunusu, havielewani, anachotuma kwako kinakuwa kelele. Pima zote tatu kwa simu, kaa kwenye ile ambayo majirani zake wanasikika kwa mbali.

Kobe_Mwendo: Mimi natumia LoRa 915 na inapiga kazi. Acheni kutisha watu.
— Sijataja 915 popote, ila kwa kuwa umeianzisha: moduli hizo zinacheza 902 hadi 928, na 890 hadi 915 ndiko simu za GSM 900 zinakotuma kwenda kwenye mnara wa simu. Umekaa kwenye njia ya wenye leseni. Kupiga kazi si hoja.

Mzee_wa_Shamba: Kijana, yangu inakata tanki likijaa, maji yakipungua inarudi. Mke wangu anasema ni mashetani.
— Mzee wangu, maji yanakula mawimbi ya 2.4 GHz. Bila shaka boksi liko upande wa nyuma wa tanki, na maji yamekaa katikati. Lipandishe juu ya mfuniko.

Mzee_wa_Shamba: Nimepandisha, inasoma. Ila ikijaa kabisa namba zinaruka.
— Ni ile ya mawimbi ya sauti, JSN-SR04T? Kitu kilicho chini ya sentimita 20 hivi haikioni. Inyanyue kwa kipande cha bomba.

Binti_Sakiti: Na sisimizi je? Wamejaza boksi langu.
— Silikoni kwenye tundu la waya, na waya uuache uning'inie chini kidogo kabla haujaingia. Mvua nayo inadondokea hapo.