Kuvuka Ziwa Nyasa kwa chombo binafsi: taratibu za forodha na uhamiaji

Mwenye boti au mashua yake anayetaka kuvuka kutoka Kyela kwenda Malawi au Msumbiji hana budi kutambua kwamba mpaka wa majini una masharti sawa na ule wa nchi kavu wa Kasumulu, na kwamba undugu wa Wanyakyusa na Wangonde wa ng'ambo ya Mto Songwe haumwondolei mtu wajibu wa kugongewa muhuri.

Taratibu huanzia unakotoka. Siku moja kabla ya safari, uliza katika bandari ya Itungi au Kiwira kama afisa uhamiaji atakuhudumia papo hapo au itakubidi umfuate ofisini kwake. Ufukwe wa Matema unapendeza kwa mapumziko, lakini usiufanye mahali pa kuondokea kwenda nchi nyingine pasipo idhini ya afisa. Beba pasipoti za wote, cheti cha usajili wa chombo, kadi za chanjo ya homa ya manjano na orodha ya watu waliomo chomboni. Kama chombo si chako, ongeza barua ya idhini ya mwenyewe. Usiondoke bila kibali cha bandari, kwa sababu ndicho kitakachoulizwa kwanza huko uendako.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kwamba machoni pa forodha chombo chenyewe ni mali inayovuka mpaka. Huko uendako kitapokelewa kama kitu kilichoingizwa kwa muda, na muda huo ukipita unaweza kudaiwa ushuru. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, mwombe afisa wa TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) aorodheshe injini, redio na vipuri vya thamani. Namba ya injini inakili kutoka kwenye kibati chake, herufi kwa herufi, wala usitegemee risiti ya dukani. Herufi moja ikitofautiana, utapata shida kuthibitisha wakati wa kurudi kwamba injini ni ileile uliyotoka nayo. Fedha taslimu zinazofikia dola 10,000 za Marekani nazo hutolewa taarifa.

Ukifika, pandisha bendera ya njano inayoomba ruhusa ya kuingia, kisha nahodha peke yake ashuke na nyaraka zote, huku wengine wakibaki chomboni. Bendera hiyo haichukui nafasi ya kwenda ofisini. Kumbuka pia kwamba saa za Malawi na Msumbiji ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, hivyo anayewahi sana asubuhi atakuta milango imefungwa.

Visiwa vya Likoma na Chizumulu vinahitaji uangalifu wa pekee, kwani ni vya Malawi ingawa vimezungukwa na maji ya Msumbiji. Kutoka Likoma kwenda Cobue, upande wa Msumbiji, ni mwendo mfupi tu, lakini ni kutoka nchi moja na kuingia nyingine, na mihuri inatakiwa pande zote mbili.

Upepo wa kusini-mashariki, ambao huvuma kwa nguvu hasa kuanzia Mei hadi Agosti, ukikulazimisha kutia nanga kijijini, toa taarifa kwa polisi au uongozi wa kijiji bila kuchelewa, andika saa uliyofika, na usishushe mzigo. Wakati wa kurudi, acha huko mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na umkabidhi afisa forodha ile orodha ya vifaa kabla hujapakua chochote.