Kutengeneza Njia Ndefu ya Kupanda Mwamba kwa Wanaoanza, Hell's Gate

Anayeanza kupanda miamba huogopa zaidi pale anaposimama kumsubiri mwenzake kuliko pale anapopanda, na kwa sababu hiyo njia ndefu, yaani ile inayopandwa kwa vipande viwili au zaidi, hupangwa kuanzia kwenye vituo vyake.

Kwanza ni ruhusa. Kuta za Hell's Gate, karibu na Naivasha katika Kaunti ya Nakuru, zimo ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1984, kwa hiyo usitoboe hata tundu moja bila idhini ya KWS, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya. Waulize pia askari wa hifadhi ni sehemu zipi zenye viota vya tai na tumbusi, uziache. (Mwamba wa Kit Mikayi, kule Seme karibu na Kisumu, huvutia macho ya kila mpandaji, lakini watu huenda pale kusali, nami naona si mahali pa kupigilia bolti, yaani vyuma vya kushikizia kamba kwenye mwamba.)

Ukishachagua ukuta, shuka kwa kamba kutoka juu ukiwa umevaa helmeti, huku mwenzako akizuia watu wasipite chini, na uangushe mawe yaliyolegea. Miamba hii ni ya volkeno, na mara nyingi bamba linaloonekana imara limekwisha kuachana na ukuta kwa nyuma. Gonga kwa nyundo kila mahali unapokusudia kuweka bolti: mwamba mzima hulia kwa sauti kali na nyundo hudunda, ilhali uliopasuka hutoa sauti nzito kama ya mtungi mtupu. Weka kiganja cha mkono wa pili kando ya unapogonga, na ukihisi mtetemo, tafuta mahali pengine.

Kituo kiwe kwenye kibaraza ambapo watu watatu wanaweza kusimama kwa miguu yote miwili, kando kidogo ya mstari wa kipande kinachofuata, ili jiwe likianguka lisimpate anayeshika kamba. Mimi hupendelea vipande vya mita 20 hadi 25, kwa kuwa wapandaji wawili husikilizana, na kamba ya mita 60 ikikunjwa mara mbili huwafikisha kituo cha chini pasipo wasiwasi. Kila kituo kiwe na bolti mbili za chuma kisichoshika kutu, zenye pete za kushukia. Penye mwamba laini, tumia bolti za gundi, wala usizitundikie uzito kabla ya muda ulioandikwa kwenye gundi hiyo kwisha.

Bolti ya kwanza juu ya kibaraza iwe karibu, kwa sababu anayetangulia akianguka hapo hukipiga kibaraza chenyewe au mwenzake. Mahali njia inapokwenda ubavuni, weka bolti kabla ya hatua ngumu na nyingine mara baada yake. Wengi husahau hii ya pili, na anayefuata, ambaye ndiye mgeni wa mwamba, akiteleza huyumba kama pendulamu hadi kwenye kona.

Hatimaye mpandishe mtu anayeanza nyuma yako, mwenye kimo kifupi ikiwezekana, bila kumwelekeza. Kila anaposita kwa muda mrefu, au anaponyoosha mkono asiifikie bolti, weka alama ya chaki, kisha urudi na drili siku nyingine.