Kabla ya Kuwasha Projekta

Mwalimu mwenzangu, kabla hujabeba kishikwambi kuingia darasani, fungua azimio lako la kazi. Tafuta mada inayowatatiza wanafunzi kila mwaka, ile unayoieleza mara tatu na bado macho yao yanakuuliza. Kwangu ni mzunguko wa damu. Mchoro wa chaki hauonyeshi damu ikienda. Video ya dakika 2 huonyesha moyo ukikaza na kulegea, vilango vyake vikifunguka na kufungika. Hapo kifaa kina kazi. Lakini makumi na mamoja hueleweka kwa vijiti na mpira wa kuvifungia, basi tumia vijiti.

Soketi ikague siku moja kabla, kifaa kikiwa mkononi. Hakikisha tokeni za stima zipo na ekstensheni inafika mbele ya darasa. Video ipakue mapema, usitegemee bando la asubuhi. Wingu la elimu, yaani hifadhi ya mtandaoni ya KICD, taasisi ya kukuza mitaala ya Kenya, lina nyenzo zinazofuata mtaala wetu, nami huanzia huko.

Jambo ninaloliona zito kuliko yote ni mwalimu mwenyewe. Serikali ilipoanza kugawa vishikwambi kwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2016, nilikuwa katika shule moja huku Eastlands, Nairobi. Vyetu vilikaa kabatini muda mrefu, na si kwa ubovu. Tuliogopa kukwama mbele ya watoto. Kilichotutoa hofu ni Ijumaa: baada ya wanafunzi kwenda nyumbani, mmoja wetu alifundisha kipindi kizima katika darasa tupu, wengine tukakaa kwenye madawati kama wanafunzi. Tulimsimamisha, tukauliza, tukamwambia hatukuelewa. Juma lililofuata ilikuwa zamu ya mwingine, hata naibu wa mwalimu mkuu. Kwa hiyo panga zamu hizo kabla ya kupanga matumizi ya vifaa. Ukibahatika kwenda mafunzo ya hisabati au sayansi pale CEMASTEA, kituo cha mafunzo ya walimu kilichoko Karen, Nairobi, nenda na swali moja kutoka darasani kwako, na urudi uwafundishe wenzako palepale kwenye madawati.

Ukitaka kutuma kazi ya ziada kwa simu, waulize wazazi kwanza. Mtoto wa mtaa wa mabanda wa Mukuru huenda asiione simu mpaka mama arudi kutoka kazini saa tatu usiku. Mpe nakala ya karatasi, na umpe bila kumtaja mbele ya wenzake.

Picha za watoto nazo zina utaratibu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, kwa hiyo pata sahihi kabla ya kurekodi kipindi au kukituma kwenye kundi la WhatsApp.

Halafu weka chaki mfukoni, na mchoro wa moyo uwe tayari ubaoni, stima ikipotea uendelee kutoka pale ulipofika.