Unataka kuwa daktari wa upasuaji wa saratani adimu za tumbo? Anza na daftari

Vijana wakiwa intani, yaani madaktari wapya kwenye mwaka wa mazoezi hospitalini, wananiuliza sana hili, dokta mtu anafikaje kwenye upasuaji wa saratani, tena zile adimu ambazo unaweza kuzunguka wodi miaka mitatu hujaona hata moja. Ngazi yenyewe haina siri. MD, yaani shahada ya udaktari, miaka 5, intani mwaka 1, halafu upasuaji wa jumla, iwe MMed (shahada ya ubingwa) ya chuo au ile njia ya COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ya miaka 5 unayojifunza ukiwa kazini kwenye hospitali iliyoidhinishwa, baada ya hapo ndo unatafuta feloshipu, yaani mafunzo ya kubobea, ya saratani. Hayo utaambiwa na yeyote.

Mimi nasema chagua ugonjwa mmoja uujue kama mtaa wenu. Wangu ni sudomiksoma ya peritoniamu, yaani ya utando wa ndani ya tumbo. Mara nyingi unaanzia kwenye kidole tumbo, kinajaa uteute, kinapasuka kimyakimya, seli zinamwagika tumboni na huko zinaendelea kutengeneza uteute mpaka tumbo linajaa. Ni kama watu 1 hadi 3 kwa kila milioni kwa mwaka, sasa ukisubiri uzoefu ukufuate wenyewe utazeeka.

Nilikutana nao mara ya kwanza nikiwa rezidenti, daktari anayesomea ubingwa. Mama mmoja, tumbo kubwa mpaka kanga haifungi, hospitali aliyotoka walimchoma sindano ya kutoa maji mara mbili hayatoki, wakaandika "maji tumboni" wakamrudisha nyumbani. Tulipofungua kikatoka kitu cha njano kama mlenda, unachota kwa kiganja kinateleza kinarudi. Tukatoa tulichoweza, tukafunga. Mwaka uliofuata nikatafuta faili nijue anaendeleaje, faili hakuna, na namba ya simu tuliyoandika ilikuwa ya jirani ambaye keshahama. Mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo fungua daftari lako mapema, hata ukiwa intani. Kila mgonjwa andika umri, dalili iliyomleta, siti skani ilionyesha nini, ulikuta nini, ulibakiza nini, patholojia, wale wa maabara wanaochunguza nyama iliyokatwa, walisemaje. Humo tumia namba badala ya jina, na simu za ndugu watatu wanaokaa nyumba tofauti weka kando panapofungwa na ufunguo. Siku ukitaka kuchapisha, kibali cha kamati ya maadili kitangulie.

Uandishi wenyewe jifunze kwa Paul Sugarbaker, daktari wa upasuaji wa Washington, Marekani. Watu wanamsifu kwa ule upasuaji wa kuvua utando wa tumbo kipande kwa kipande aliouandika 1995, na anastahili, ila mimi kinachonigusa zaidi ni vipimo alivyotengeneza na wenzake. Tumbo unaligawa sehemu 13, kila sehemu unaipa 0 mpaka 3 kwa ukubwa wa uvimbe, jumla haizidi 39. Ukimaliza kukata unapima mabaki, 0 kama hakuna kinachoonekana, 1 kama hayazidi milimita 2.5, na kuendelea. Ukiandika hivyo, wagonjwa wako watano wa Dar wanaweza kuhesabiwa pamoja na wa Basingstoke kule Uingereza, wanakotibu wengi wenye ugonjwa huu, na kwenye ugonjwa adimu hao watano ni utajiri.

Halafu usikae unalilia mashine ya kemo ya moto, yaani dawa ya saratani iliyopashwa joto. Ndiyo, ipo tangu John Spratt na wenzake wa Louisville, Marekani, walipoandika 1980 kuhusu mgonjwa wa kwanza waliyemfanyia, dawa inapashwa mpaka nyuzi 41 hadi 43 inazungushwa tumboni mgonjwa akiwa bado theata. Lakini Wafaransa waliifanyia utafiti kwa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa tumboni, wakatoa majibu 2021, na kuongeza oksaliplatini ya moto hakukurefusha maisha kuliko upasuaji peke yake. Huo ni ugonjwa mwingine na dawa moja, usiyabebe majibu hayo kila mahali, ila yananiambia mkono unaosafisha vizuri ndo wa kuutafuta kwanza, na unaupata kwa kusimama pembeni ya aliyeuzoea, masaa nane, masaa kumi mfululizo, ukishika ritrakta, kile chuma cha kuvuta kidonda kibaki wazi, na kuangalia.

Na kila kidole tumbo unachokata kipeleke patholojia, hata kikionekana cha kawaida. Ukikuta uteute umemwagika usikurupuke kukatakata, chukua kipande, piga picha, andika uliuona sehemu zipi, mpigie mkubwa wako. Kesho ukiingia theata anza kwa kuuliza kile cha jana kimeenda wapi.