Kuvusha timu ya U-15 Namanga: karatasi kwanza, mpira baadaye

Timu nyingi za vijana zinazokwenda kucheza kwa majirani hukwama mezani kabla hata ya kugusa mpira. Chukueni mfano wa kikosi cha Arusha kinachokwenda Nairobi kwa barabara, kupitia mpaka wa Tanzania na Kenya wa Namanga: wachezaji 18, kocha na msaidizi wake, mtu wa huduma ya kwanza na mkuu wa msafara. Jumla 22, wanatosha Coaster moja.

Anzeni na umri. Hesabu ya kawaida ni kutoa 15 kwenye mwaka wa mashindano: U-15 ya 2026 ni ya waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 2011. Wapo waandaaji wanaokata tarehe nyingine, hivyo someni kanuni kabla ya kuteua kikosi.

Kinachosumbua zaidi ni majina. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa usajili wa serikali, kimeandikwa Hamisi, shule imeandika Khamis, pasi ina majina matatu, fomu ya mashindano ina mawili. Kwa mkaguzi, hao ni watoto wawili. Jazeni fomu huku pasi ikiwa mkononi, herufi kwa herufi. Msinakili kutoka daftari la mazoezi. Cheti kilichotolewa mwezi uliopita kwa mtoto wa miaka 14 si kosa, maana wazazi wengi huchelewa kusajili, lakini ndicho cha kwanza kuwekewa pingamizi. Kiambatanisheni na kadi ya kliniki na barua ya shule yenye namba yake ya PREM, ile ya kumtambulisha mwanafunzi. Msitegemee kipimo cha umri cha MRI (picha ya ndani ya mwili) cha kifundo cha mkono, ambacho FIFA ilianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la U-17 mwaka 2009: kinaangalia kama mfupa umeshaunga kabisa, na kimewekwa kwa wavulana wa umri huo. Kwa U-15 ushahidi ni karatasi, na kijeba mmoja, yaani mchezaji aliyezidi umri, anatosha kuiondoa timu nzima.

Barua ya mwaliko ikifika, ombi lipitie chama cha soka cha wilaya, kisha mkoa, hadi Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF). Kibali cha kutoka nje ya nchi kinatoka Baraza la Michezo la Taifa (BMT). Wapeni miezi miwili. Wakati huohuo kila mtoto aombewe pasi au hati ya dharura ya safari, na mzazi asaini barua ya ridhaa inayomtaja mkuu wa msafara kwa jina. Bila barua hiyo, afisa uhamiaji ana haki ya kuuliza mnawapeleka wapi watoto wa watu. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuvuka, kwani kadi haihesabiki kabla ya hapo.

Mwenye gari aonyeshe bima ya kuvuka mpaka, ile Kadi ya Njano ya COMESA, siyo ya ndani pekee.

Namanga ni kituo cha pamoja: ukienda Kenya, mihuri yote miwili inagongwa jengo la upande wa Kenya. Pangeni watoto kwa mpangilio uleule wa orodha, nakala tatu mkononi. Shilingi badilisheni kwenye dirisha la duka la kubadilishia fedha; wabadilishaji wanaozungukia magari wana hesabu zao.

Julai Nairobi ni baridi, kwa hiyo sweta ni lazima. Bebeni jezi za rangi mbili, vikinga ugoko vya akiba, na njumu za meno mafupi ya plastiki, maana nyasi bandia hazitaki chuma. Mlo mzito uliwe muda wa saa tatu kabla ya mechi. Ugali na maharage saa moja kabla humaliza miguu kipindi cha pili, halafu kocha analaumu pumzi.

Vyeti halisi abebe mtu mmoja, kwenye faili moja, na asicheze wala kufundisha. Kadi za chanjo zisifungiwe kwenye mabegi wakati wa kurudi: upande wa Tanzania huziuliza kwa anayetoka Kenya.